Chaja ya Ukubwa wa Choroko

Nchi yenyewe sitaitaja. Anayeijua ataitambua, na asiyeijua na amshukuru Mungu wake, aendelee na shughuli zake. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye bendera, yenye wimbo wa taifa mrefu kuliko wa jirani yeyote, na yenye Mlezi mmoja, Mtukufu, aliyeanza kuilea wazee wa leo wakiwa bado wananyonya na ambaye mpaka sasa anaona haijakua.

Mwaka mmoja Mlezi alikwenda ziara ng'ambo. Wakiwa mezani, mwenyeji wake akatoa chaja ya simu kwenye mfuko wa shati, ndogo kama kifungo cha koti, akaichomeka ukutani, mazungumzo yakaendelea. Muda si muda simu ya Mlezi nayo ikaishiwa chaji. Mpambe akaingia, ameibeba chaja ya Taifa kwa mikono miwili. Ilikuwa chaja nzuri tu, nyeusi, nzito, yenye kuunguruma. Kwetu huko nyumbani watu walikuwa wakizitumia za aina hiyo kuzuia milango isibamizwe na upepo. Mwenyeji hakucheka. Alitabasamu kwa adabu, akasogeza glasi yake ili ipatikane nafasi ya kuiweka, na hapo ndipo msiba ninaousimulia ulipoanzia.

Mlezi aliporudi hakuzungumza na mtu kwa siku kadhaa. Alipozungumza, alisema neno moja: "Ndogo." Kabla jua halijazama ikawa imeundwa Wizara ya Udogo, na likaanza kujengwa jengo la wizara hiyo, ambalo mpaka leo ndilo refu kuliko yote mjini.

*

Chini kabisa ya jengo hilo, nyuma ya jiko la maafisa, kulikuwa na karakana, na ndani ya karakana alikuwemo Mhandisi Hizza. Alikuwa mtu mwembamba, msomi wa ng'ambo, aliyesomea namna ya kupunguza vibadili umeme, yaani vile vidude ndani ya chaja vinavyouchukua umeme mkali wa ukutani na kuufanya mpole, uweze kuingia kwenye simu, saa na vifaa janja vingine bila kuviunguza. Kazi hiyo aliipenda kwa moyo wake wote. Alikuwa pia mwoga, na hili nalisema mapema kusudi msije mkamtegemea.

Mama yake, Bi Zaina, mjane aliyekuwa akishona kofia za mkono, aliishi peke yake Mtaa wa Mabirika, na Hizza ndiye mtoto wake pekee. Bi Zaina hakujua kitu kuhusu umeme, ila alijua kwamba mwanawe ni jasiri. Duniani kote ni yeye tu aliyekuwa na habari hiyo.

Nyumbani kwa Bi Zaina, kama kwa kila raia, ukutani palikuwa na Kioo. Nacho Kioo kilikuwa bamba janja, upana wa sinia dogo, lenye sura ya Mlezi mchana kutwa na usiku kucha. Kila alfajiri kililia. Raia alisogea, akaweka kidole gumba kwenye shavu la Mlezi, akasema, "Nipo." Asiyesema alihesabiwa kuwa hayupo, na asiyekuwepo alitafutwa mpaka apatikane, au mpaka asipatikane tena kabisa. Kwa kuwa betri za Vioo zilinunuliwa zikiwa zimeshachoka, Kioo hakikukaa hata kidogo bila waya wa chaja. Kikizimika, kosa ni la mwenye nyumba, na kosa hilo liliitwa kumfumba macho Mlezi.

Haya yote yalikuwa chini ya Wizara ya Udogo. Namna ya kukigusa Kioo, hata hivyo, ilikuwa kazi ya Wizara ya Adabu, na wizara hizi mbili hazikuwa zikisalimiana kwa sababu ya ugomvi wa maegesho ya magari. Wizara ya Adabu iliona haifai sura ya Mlezi kukaa ndani ya plastiki, ikaamuru kila Kioo kitiwe fremu ya shaba. Ikaona haifai sura hiyo kuguswa na mikono yenye unga na mafuta ya taa, ikaamuru kila raia anawe kwanza. Hapo hakuna aliyelalamika. Hata ugali hatuugusi kabla ya kunawa. Ila kujifuta baada ya kunawa kulikatazwa, kwani ilisemekana ni kufuta baraka kabla hazijafika. Viatu navyo vilibaki nje. Kwa hiyo kila alfajiri nchi nzima ilisimama peku kwenye sakafu ya saruji, maji yakitiririka vidoleni, mkono wa kushoto umeshika fremu ya shaba na wa kulia umenyooshwa kuelekea shavuni. Kwa kweli ilikuwa adabu ya kupendeza.

*

Miaka ya mwanzo Mhandisi Hizza alifanya kazi ambayo hata ng'ambo wangemvulia kofia. Alijua kwamba umeme ukiuwasha na kuuzima kwa kasi kubwa zaidi, koili, yaani waya ulioviringwa, iliyokuwa nene kama kidole gumba inatosha kuwa nyembamba kama njiti. Akapunguza chaja kutoka ukubwa wa tofali hadi ukubwa wa kiberiti, na kutoka kiberiti hadi harage. Kwenye harage likatokea tatizo la joto, kwa sababu kitu kidogo kinachofanya kazi kubwa lazima kichemke. Alilipeleka jambo hilo mbele ya Kamati ya Udogo. Kamati ikapiga kura, joto likashindwa.

Chaja zote za zamani zikaitwa vinene. Ikatungwa Sheria ya Unene wa Vifaa, na wajumbe wa mitaa wakatumwa kupita nyumba kwa nyumba kuvikusanya vikapondwe. Adhabu ya kukutwa na kinene ilikuwa kupunguzwa. Sheria haikueleza ni nini hasa kitakachopunguzwa, na waliopunguzwa hawakurudi kueleza.

Kisha siku moja Waziri wa Udogo, Mheshimiwa Lugoda, mtu mwenye kitambi cha haja na sauti ya kanda iliyolegea, aliitisha Kamati, akamwita na Hizza. Akafungua leso juu ya meza. Ndani ya leso mlikuwa na choroko moja.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tulipotoka ni mbali. Tulikuwa taifa la matofali. Tukawa taifa la kiberiti. Leo sisi ni taifa la harage, na dunia nzima inatuonea wivu, ingawa kwa kujizuia sana haijasema. Lakini jana Mtukufu Mlezi alipokuwa akila, aliichukua choroko hii kwenye sahani, akaitazama, akairudisha. Hakusema neno. Mimi nilikuwepo. Nani miongoni mwetu anahitaji kuambiwa zaidi?"

Hakuna aliyehitaji. Waziri akamgeukia Hizza.

"Mhandisi, Sikukuu ya Mlezi inakaribia. Nataka chaja ya ukubwa huu."

"Mheshimiwa, haitawezekana. Hata miguu ya kuchomekea peke yake ni mikubwa kuliko hii choroko."

Kamati ikajadiliana, ikaamua kwamba miguu ya chaja ni mali ya ukuta na isihesabiwe.

"Bado, Mheshimiwa. Humo ndani kila kinachotoka nimeshakitoa. Kimebaki kitu kimoja tu, koili pacha."

"Inafanya kazi gani?"

"Ni waya mbili zilizoviringwa pamoja lakini hazigusani. Moja ni ya upande wa ukuta, nyingine ya upande wa mtu. Nguvu inavuka kwa sumaku, lakini ule umeme wenyewe unaoua unabaki kulekule ukutani. Inatenga, Mheshimiwa."

"Inatenga nani na nani?"

"Raia na umeme."

Wajumbe walitazama meza. Waziri aliikunja leso, akaikunjua.

"Kwa hiyo muda wote huu, ndani ya chaja ya Taifa, wewe umeweka kitu cha kuwatenga raia na kinachotoka juu."

Hizza alikuwa amejiandaa kusema kwamba bila koili hiyo, mtu mwenye mikono mibichi akishika fremu ya shaba atakuwa ameshika ukuta wenyewe. Alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu asubuhi, moja baada ya jingine. Yalipofika mdomoni yalikuwa mengine.

"Ikitolewa, Mheshimiwa, mtu anayegusa Kioo anaweza akasikia kitu."

"Kitu gani?"

"Kama anaguswa."

"Anaguswa na nani?"

Macho yote yalikuwa kwake. Mjumbe mmoja alikuwa ameshachukua kalamu. Hizza akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Ni kama vile Mtukufu Mlezi mwenyewe anamsalimia."

Waziri Lugoda akatoa leso ileile, choroko ikadondoka, akajifuta machozi. "Salamu ya Mlezi," alisema. "Kwa kila raia. Kila alfajiri. Mhandisi, na wewe ulikuwa unatuficha."

Hivyo ndivyo Salamu ilivyoingia nchini. Ilibuniwa na mtu aliyekuwa akitafuta njia ya kutoka chumbani.

*

Chaja za choroko zikagawiwa, na raia wakaanza kusalimiwa. Wengi walipata mtetemo wa vidole tu, maana walikigusa Kioo na kukiachia haraka. Wizara ya Adabu, ambayo haikutaka kupitwa, ikaelekeza kwamba anayesalimiwa ajibu, "Nimepokea." Ikawa alfajiri ukipita mitaani unasikia nyumba baada ya nyumba: nipo, halafu kimya kidogo, halafu nimepokea, sauti zikiwa zimebanwa kwenye meno.

Wako waliosalimiwa wakaanguka. Kinyozi mmoja alikutwa amelala na beseni lake. Bibi harusi mmoja hakufika kwenye harusi. Redio ilieleza kwamba mioyo yao haikuzoea heshima kubwa kiasi hicho, ikawashauri raia wengine wajizoeze. Hizza alizisikiliza taarifa hizo karakanani, amekaa kwenye kiti chake kirefu, mikono katikati ya mapaja. Hakuwa akimfikiria kinyozi, wala bibi harusi. Aibu ni kwamba alimfikiria mtu mmoja tu, ambaye kwa kunawa hana mfano, ambaye alikuwa akinawa mpaka viwiko ili asimvunjie Mlezi heshima.

Chini ya sanduku lake la nguo alikuwa na kinene kimoja, chaja aliyoitengeneza mwenyewe akiwa bado mwanafunzi wa hapa nchini, kubwa kama mche wa sabuni, yenye koili pacha ndani yake. Alipokuwa anakwenda ng'ambo mama yake aliizungushia uzi mwekundu wa kushonea kofia, akaufunga fundo la kishonaji, isije ikachanganyika na za wenzake. Hizza akaificha ndani ya mkate, akaenda nayo Mtaa wa Mabirika. Mbele ya Kioo hakuthubutu kusema wazi, maana Kioo kilikuwa na masikio mazuri kuliko macho. Alimpa mama yake mkate, akambana mkono.

"Mama, huu utumie wewe. Ule mdogo uweke tu kabatini."

Bi Zaina aliupapasa mkate, akahisi kilichomo, akachungulia. Akauona uzi. Akamtazama mwanawe, akakitazama Kioo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ahsante baba, mkate mzuri."

Hizza alirudi nyumbani akalala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu siku ya choroko.

*

Alipokwenda tena kumtazama, jambo la kwanza aliloliona ni tundu la ukutani. Chaja ya choroko ilikuwa imechomekwa pale, na waya wake umekwenda moja kwa moja kwenye Kioo.

"Mama, ule mkate uko wapi?"

Bi Zaina akaweka kidole mdomoni, akamshika mkono, wakatoka uani mpaka nyuma ya jiko, kwenye kamba ya nguo.

"Nimempelekea Mjumbe Mkwizu," alisema. Mkwizu ndiye mjumbe wa mtaa ule, mkusanyaji wa vinene. "Nimemwambia nimeiokota jalalani."

"Kwa nini, mama?"

"Unaniuliza kwa nini? Wanapita nyumba kwa nyumba. Kwa Mama Sikudhani wamekuta kinene chini ya kitanda, mume wake wamemchukua wakampunguze, mpaka leo anamwekea chakula. Wangeikuta kwangu wangejua ni ya nani. Nani mwingine mtaa huu aliyezaa mtu wa machaja?"

"Wangenichukua mimi, siyo wewe."

"Ndiyo maana nimeipeleka."

Hizza akashika kamba ya nguo. "Mama, ile ndogo ina kasoro."

"Kasoro gani?"

Hapa, ndugu msomaji, palikuwa hapana Kioo, hapana Waziri, hapana mjumbe mwenye kalamu. Palikuwa na shuka zilizoanikwa, na kuku mmoja. Hizza angeweza kusema: nimetoa kitu ambacho hakitolewi, na nilijua. Mama yake alikuwa amesimama anamngoja, mikono imelowa povu la kufulia, uso umechangamka kama siku ile alipomsindikiza kwenda kusoma. Alimwona jasiri. Kwenye macho ya mtu mwingine yeyote Hizza angeweza kuvumilia kuonekana alivyo, lakini si kwenye hayo.

"Inasalimia sana," alisema.

"Ah, hiyo mbona naijua. Jana imenisalimia mpaka kwenye kiwiko. Nikasema kweli huyu mwanangu amesoma."

"Basi ukishanawa ujifute kwanza. Kwa siri tu, kwa ncha ya kanga."

Bi Zaina akamkazia macho, kama zamani alipomkuta na mdomo wa sukari. "Nijifute, halafu iwe mimi, mama wa aliyeitengeneza? Wakikuuliza utasema nini? Nenda kazini, baba. Mimi sichoki kuwaambia watu kwamba hii ya kwako."

Hizza akaenda kazini. Njiani alijipa ahadi kwamba atatengeneza choroko nyingine, yenye koili ndani, hata ikiwa nene kidogo, aipake rangi ileile, aibadilishe mama akiwa sokoni. Kwa siku zilizofuata aliifanya kazi hiyo kwa kujificha, na ilikuwa inakwenda vizuri. Ilibaki kukauka gundi.

*

Sikukuu ya Mlezi ilipowadia, Hizza alipangwa uwanjani asubuhi kwenye mstari wa wanaotunukiwa. Angevishwa Nishani ya Udogo, ambayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba hubandikwa kifuani kwa kibano na wapiga picha huombwa waamini. Mfukoni alikuwa na ile chaja mpya, imekauka, aipeleke Mabirika mara tu baada ya sherehe.

Akiwa kwenye mstari, vipaza sauti vikatangaza jambo jipya kutoka Wizara ya Adabu. Mwaka huu, ilisemwa, kugusa na kuachia hakutoshi. Wimbo wa taifa utakapoanza, kila raia aliyeko nyumbani atashika Kioo kwa mikono yote miwili na hataachia mpaka ubeti wa mwisho. Watu wa uwanjani wakapiga makofi.

Hizza akatoka kwenye mstari. Sijui kama ni ujasiri. Nafikiri miguu ilimtangulia. Alipita katikati ya bendi, akatoka langoni, akakimbia na suti yake, mitaa mitupu, milango yote iko wazi kama ilivyoamriwa. Alivuka soko, akavuka reli, akafika pembeni ya Mtaa wa Mabirika. Nyumba ya mama yake ilikuwa pale, mlango wazi, ndala za mama yake zimepangwa vizuri kizingitini.

Wimbo ukaanza.

Sheria ya wimbo aliijua kila mtoto: aliyeko barabarani wimbo ukianza husimama alipo, mkono kifuani. Askari mmoja alikuwa amesimama chini ya nguzo ya taa, bunduki begani, naye anaimba. Alimtazama Hizza. Hizza akasimama, akaweka mkono kifuani, mahali pa nishani ambayo hakuwa amevishwa.

Toka pale hadi mlangoni palikuwa ni pa kukimbia na kufika kabla askari hajashusha bunduki. Hizza alilijua hilo, kwa kuwa kupiga mahesabu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Nyumba zote za mtaa zilikuwa zinaimba, na kati ya sauti zote aliisikia ya mama yake, nyembamba, inayovuta mwisho wa mistari. Ubeti wa kwanza iliimba. Ubeti wa pili iliimba, ikitetemeka. Katikati ya ubeti wa tatu ikakatika, wala haikurudi.

Wimbo ule, nimesema, ni mrefu kuliko wa jirani yeyote. Hizza alisimama mpaka ubeti wa mwisho. Midomo yake ilikuwa ikiimba pia, askari angeshuhudia. Ulipokwisha, aliondoa mkono kifuani, akatembea mpaka nyumbani kwa mama yake, akavua viatu mlangoni.

*

Serikali haikuwa na moyo mgumu. Msiba ulichukuliwa kuwa wa Taifa. Redio ilisema Bi Zaina, mama mzazi wa Salamu, alikuwa raia wa kwanza kuipokea yote, bila kuiachia. Matanga yalipoanza Waziri Lugoda alifika mwenyewe, akakaa kwenye kiti walichomletea, wengine wakiwa mkekani.

"Marehemu," alisema, "angeweza kuachia. Wako wanaoachia, tunawajua. Yeye hakuachia. Mhandisi, umefiwa na mama, lakini Taifa limepata kipimo. Kuanzia mwaka ujao tunaangalia uwezekano wa kuongeza beti."

Wanawake ndani walilia. Hizza hakulia, alikuwa amekaa ameshika magoti, anatazama mahali palipokuwa na ndala.

Ukafuata utaratibu wa rambirambi. Hairuhusiwi kumpa mfiwa mkono kabla ya kumpa Mlezi. Kioo cha marehemu kilikuwa kimeshachukuliwa na Wizara, kwa hiyo Mjumbe Mkwizu alileta cha kwake, akakiweka juu ya meza barazani, akakifunika kitambaa mpaka chini na kukiwashia chaji. Pembeni pakawekwa ndoo na kata. Watu wakapanga mstari, mfiwa wa kwanza.

Hizza akasimama. Tangu alipovua viatu mlangoni pale, alikuwa amekata shauri moja tu maishani mwake, na lilikuwa hili. Alimwagiwa maji, akanawa taratibu, mpaka viwiko, kama mama yake. Hakujifuta. Alisogea peku kwenye saruji, maji yakimtiririka. Alijua hasa kitakachomfika na kitapitia wapi: mkono, kifua, nyayo. Aliona ni haki yake. Salamu hii alikuwa ameituma yeye, na ingefaa naye imfikie. Akaishika fremu ya shaba kwa mikono yote miwili, akaikamata kwa nguvu, akafumba macho.

Hakusikia kitu.

Alingoja. Akakaza vidole. Shaba ilikuwa ya baridi, imelala mikononi mwake kama sahani. Nyuma yake watu walianza kukohoa. Akafumbua macho, akaufuata waya kwa kuutazama, unavyoshuka pembeni mwa meza, unavyoingia chini ya kitambaa. Akakiinua kitambaa kwa mguu. Pale sakafuni, imechomekwa kwenye waya wa kurefushia, palikuwa na chaja kubwa kama mche wa sabuni, na shingoni mwake uzi mwekundu, umefungwa fundo la kishonaji.

Mjumbe Mkwizu akasogea upesi, akakishusha kitambaa, akamwinamia sikioni kama mtu anayempa pole mfiwa.

"Usinichongee, Mhandisi. Nyumbani nina watoto. Hizi zenu ndogo, samahani, zinauma." Akatazama upande wa Waziri, akapunguza sauti zaidi. "Hii ni nzuri sana, haisalimii hata kidogo. Aliniletea marehemu mwenyewe. Alisema ameiokota jalalani."

Hizza aliendelea kuishika ile fremu. Mikono yake ilikuwa mizima, na moyo wake ulikuwa ukipiga vizuri tu.

"Mhandisi," Waziri aliita kutoka kwenye kiti, kwa upole. "Umepokea?"

Nyuma ya Hizza alikuwa amesimama Mama Sikudhani, mikono ameshanawa, ameiinua juu isiguse nguo, anasubiri zamu yake.

"Nimepokea, Mheshimiwa," Hizza alisema, akaachia, akasogea pembeni kuwapisha wengine.